Ukoo wa Vimeng'enya: Vimelea vya Seli Moja Vilipata Wapi Nyenzo Zao za Kuishi?

Utangulizi

Kataboi ni kijiji kilichoko ufuoni mwa Ziwa Turkana, upande wa magharibi, kaskazini mwa Kalokol. Kwa msafiri atokaye Lodwar, hapo ni mahali pa mchanga, mikoma, mbuzi na nyavu za wavuvi. Kwa wanajiolojia, hata hivyo, Kataboi ni jina la tabaka la ardhi. Sehemu mojawapo ya miamba ya Nachukui, iliyotandaa magharibi mwa ziwa hilo, imepewa jina la kijiji hiki; na ni katika tabaka hilo, huko Lomekwi, ambamo Justus Erus aliliona fuvu la kale mwaka 1999. Meave Leakey na wenzake walilitangaza mwaka 2001 kwa jina la Kenyanthropus platyops, na umri wake ulikadiriwa kuwa takriban miaka milioni 3.5. Hivyo jina la kijiji kidogo cha wavuvi na wafugaji limeingia katika mjadala mkubwa wa asili ya binadamu.

Lakini mfupa husimulia habari za mwenye mfupa tu. Vimelea vya seli moja, vinavyoishi katika damu, wengu na matumbo ya watu na mifugo, havina fuvu wala jino la kuuachia mchanga. Je, asili yao itatafutwa wapi? Itatafutwa ndani ya vimelea vyenyewe, katika vimeng'enya wanavyotumia kujipatia riziki, kwani kimeng'enya hubeba alama za ukoo wake kama vile ng'ombe abebavyo chapa ya ukoo wa mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: habari za nasaba ya vitu visivyoonekana kwa macho zina faida gani kwa mkazi wa Kataboi? Tuchukulie kwamba wagonjwa watatu wamefika katika zahanati moja ya ufuoni asubuhi moja. Wa kwanza ni mtoto mwenye homa ya siku tatu. Wa pili ni kijana mchungaji aliyerejea kutoka malisho ya mbali. Homa yake imedumu kwa wiki kadhaa, amekonda, na wengu wake umevimba. Wa tatu ni mama anayeharisha damu. Nje ya zahanati yumo mzee ambaye hakuja kwa ajili yake mwenyewe, bali anauliza habari za ngamia wake anayedhoofika siku hata siku. Wote wanne wamevamiwa na viumbe vya seli moja, lakini dawa ya mmoja haimponyi mwenziwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha sababu yake: kila kimelea kina nasaba yake ya vimeng'enya, na dawa hushika pale ambapo nasaba hiyo imeachana na yetu. Asiyezitofautisha nasaba hizo hana budi kupoteza dawa, na pengine kumpoteza mgonjwa.

Maana ya kimeng'enya

Ni vyema tuanze na istilahi. Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi meng'enya, ambacho twakitumia kuelezea jinsi chakula kinavyovunjwavunjwa tumboni. Ni istilahi nzuri, ila inaweza kumpotosha msomaji kidogo, kwa kuwa vimeng'enya havivunji tu. Vingine hujenga, vingine huunganisha, vingine hugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemikali bila yenyewe kumalizika katika kazi hiyo. Jumla ya mabadiliko yote hayo ndani ya kiumbe, ya kuvunja na ya kujenga, ndiyo iitwayo umetaboli. Kiumbe akikosa kimeng'enya fulani, hana budi kuipata bidhaa ya kimeng'enya hicho kwa mwingine.

Protini ni mnyororo wa vijenzi vidogo viitwavyo asidi amino. Mpangilio wa vijenzi hivyo huandikwa katika jeni, na hurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi pamoja na makosa madogo madogo ya unakili. Mwanafunzi wa isimu hatapata taabu kuelewa kazi inayofuata. Tunapolinganisha maneno ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Kibantu, tunatambua kwamba mtu ni neno la urithi, maana ndugu zake wamo katika lugha nyingi za jamii hiyo. Meza, kwa upande mwingine, ilitoka kwa Wareno, na shule ikatoka kwa Wajerumani. Kitabu kilitoka kwa Waarabu, lakini kimevaa viambishi vyetu hata tunasema kitabu na vitabu kana kwamba tulikirithi. Wanabiolojia hulinganisha vimeng'enya kwa njia hiyo hiyo: kipi ni cha urithi, kipi ni cha mkopo, na kipi ni cha mkopo kilichokwisha kuvishwa viambishi vya nyumbani.

Kwa muhtasari, kimelea kinaweza kuwa na kimeng'enya chake kwa njia nne. Kwanza, kukirithi kwa babu zake. Pili, kukitengeneza upya kutokana na nakala ya kimeng'enya cha zamani. Tatu, kukipokea kutoka kwa jirani asiye wa ukoo wake, hasa bakteria. Nne, kummeza jirani mzima na kuishi naye. Zaidi ya hizo iko njia ya tano ambayo si ya kupata bali ni ya kupoteza. Nayo, kama tutakavyoona, ina maana kubwa vilevile.

Mtoto mwenye malaria

Tuanze na mtoto. Mhudumu wa afya hachukui darubini mara zote. Mara nyingi humtoboa kidole, akadondosha damu katika kipimo cha haraka, akangoja mstari. Baadhi ya vipimo hivyo hutafuta kimeng'enya kimojawapo cha kimelea cha Plasmodium, kiitwacho laktati dehidrojenasi. Kimelea hiki kinapokaa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula glukosi kwa pupa, na taka yake kubwa ni laktati. Kimeng'enya hicho ndicho kinachokamilisha hatua ya mwisho ya kazi hiyo.

Sisi nasi tunacho kimeng'enya chenye jina hilo na kazi hiyo, hasa misuli inapokazana. Basi kipimo kinatofautishaje chetu na cha kimelea? Kinatofautisha kwa sababu viwili hivyo havikuzaliwa tumbo moja. Laktati dehidrojenasi ya Plasmodium ilitokana na kimeng'enya kingine, malati dehidrojenasi, ambacho kazi yake ilikuwa tofauti. Zamani za kale jeni ya malati dehidrojenasi ilinakiliwa mara mbili katika mababu wa kimelea hiki. Nakala moja iliendelea na kazi ya zamani; ya pili ikawa huru kubadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, walichapisha kazi ambamo walizifufua protini za mababu hao kwa kuzikokotoa kutoka kwa wajukuu wao, wakazitengeneza maabarani na kuzipima. Waliona kwamba vijenzi vichache vya ziada vilipachikwa karibu na mahali pa kazi pa kimeng'enya, na upachikaji huo ndio uliogeuza uchaguzi wake wa kemikali. Kati ya kimeng'enya cha kale na kipya palikuwapo babu wa katikati aliyeweza kufanya kazi zote mbili.

Kwa hiyo mstari mdogo unaojitokeza katika kipimo hicho, ukiutazama vizuri, ni ushahidi wa nasaba. Faida yake haiishii hapo. Vipimo vingine hutafuta protini nyingine ya kimelea ambayo haina ulazima mkubwa kwa uhai wake, na katika nchi za Eritrea na Ethiopia vimeonekana vimelea vilivyoitupa jeni ya protini hiyo, hivyo vikaponyoka bila kutambuliwa. Laktati dehidrojenasi haitupiki kwa urahisi namna hiyo, maana ndiyo riziki yenyewe.

Jirani aliyemezwa

Ndani ya Plasmodium imo ajabu nyingine. Mnamo miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba kiumbe hiki, kinachoishi gizani mwa damu na ini, kina kiungo kidogo ambacho ni jamaa ya viungo vya kijani vinavyoyawezesha majani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kiungo hicho kiliitwa apikoplasti. Kimezungukwa na tando nne, na tando hizo ndizo zinazosimulia historia yake: bakteria wa kijani alimezwa na seli, seli hiyo ikawa mwani mwekundu, na mwani huo nao ukamezwa na babu wa Plasmodium. Mwaka 2008 alitangazwa kiumbe aitwaye Chromera velia, aliyepatikana katika matumbawe ya Bandari ya Sydney, Australia. Huyu ni jamaa wa karibu wa vimelea hivyo, lakini yeye bado hutumia mwanga wa jua. Ni kana kwamba katika ukoo wa wafugaji amepatikana binamu mmoja ambaye bado analima shamba la babu.

Plasmodium hakihitaji tena mwanga, lakini hakukitupa kiungo hicho. Ndani yake kinahifadhi vimeng'enya vya asili ya bakteria vinavyotengeneza kiungo muhimu cha kemikali kiitwacho isopentenili pairofosfati. Binadamu naye hutengeneza kitu hicho, ila kwa njia nyingine kabisa na kwa vimeng'enya vya ukoo mwingine. Mwaka 1999 ilionyeshwa kuwa dawa ya fosmidomaisini huizuia njia hiyo ya kimelea. Mwaka 2011 Ellen Yeh na Joseph DeRisi walionyesha jambo lililowashangaza wengi: vimelea vilivyo katika damu vinaweza kuishi bila apikoplasti kabisa, mradi tu vilishwe kemikali hiyo moja. Yaani jirani aliyemezwa miaka mingi iliyopita amebakiwa na kazi moja tu isiyo na mbadala katika hatua hiyo ya maisha ya kimelea.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini doksisaiklini, dawa inayojulikana kwa kuua bakteria, hupewa wasafiri ili kuwakinga na malaria. Plasmodium si bakteria, lakini kimembeba bakteria wa kale tumboni mwake. Dawa inampiga mgeni, na mwenyeji anakufa naye. Si papo hapo, bali katika kizazi kinachofuata, kwa kuwa watoto wanazaliwa na apikoplasti mbovu. Kwa sababu ya uzito huo, dawa hiyo peke yake haifai kumtibu mtoto mwenye homa kali. Mtoto wa Kataboi hupewa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo hutegemea tabia nyingine ya kimelea, nayo ni ulaji wa himoglobini. Plasmodium huimeng'enya himoglobini kwa wingi, na humo hubaki himu yenye madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoiamsha artemetha hata ikawa sumu kwa mlaji.

Mchungaji mwenye kala-azar

Sasa tumrudie kijana mchungaji. Homa anayo, wengu umevimba, damu imepungua. Dalili hizo zinaweza kumfanya mtu adhani ni malaria sugu, akampa dawa mseto mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Lakini Turkana ni mojawapo ya kaunti za Kenya ambamo kala-azar hupatikana, pamoja na Baringo, Pokot Magharibi, Marsabit na Wajir. Ugonjwa huu huletwa na kimelea kiitwacho Leishmania donovani, kinachoenezwa na usubi ambao mara nyingi hujificha katika vichuguu vya mchwa. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, imewapokea pia watu waliotoka Sudan Kusini, nchi ambayo imepatwa na milipuko mikubwa ya kala-azar. Asipotibiwa, mgonjwa wa kala-azar aghalabu hufa.

Dawa mseto ya malaria haimponyi mgonjwa huyu kwa sababu Leishmania hakishindi ndani ya chembe nyekundu kikila himoglobini. Kinaishi ndani ya seli za ulinzi, zile zile ambazo kazi yake ni kuwameza na kuwaunguza wavamizi. Kukaa humo ni sawa na kupiga kambi ndani ya tanuri. Kinaokokaje?

Kinaokoka kwa kinga ya kikemikali ambayo sisi hatuna. Seli zetu hujikinga na moto wa oksijeni kwa kutumia kemikali iitwayo glutathioni, ambayo huhuishwa kila mara na kimeng'enya maalumu. Mwaka 1985 Alan Fairlamb na wenzake walieleza kwamba Leishmania na jamaa zake hufunga glutathioni mbili pamoja kwa kamba ya kemikali nyingine, wakapata kitu kipya kilichoitwa traipanothioni. Kimeng'enya kinachoihuisha traipanothioni ni ndugu wa kimeng'enya chetu cha glutathioni. Umbo lao kwa jumla linafanana, na unasaba wao hauna shaka. Hata hivyo mlango wake umebadilika. Kimeng'enya chetu hakiipokei traipanothioni, na cha kimelea hakiipokei glutathioni yetu. Kwa upande mwingine, kimeng'enya kinachoiunda traipanothioni kinafanana na kimeng'enya cha bakteria. Huu ni mfano mzuri wa urithi na ujirani kufanya kazi katika nyumba moja.

Tofauti hiyo ndiyo mojawapo ya mahali ambapo dawa za antimoni hushika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Afrika Mashariki matibabu ya siku 17 yanayounganisha sindano za antimoni na za paromomaisini, badala ya siku 30 za antimoni pekee. Siku 17 za sindano si mzaha kwa mchungaji ambaye mifugo yake inamngoja. Basi kabla ya kumkatia tamaa au kumrudishia dawa ya malaria, ni wajibu kumpima kala-azar na kumpeleka panapotolewa matibabu hayo.

Ngamia wa mzee

Jamaa wa Leishmania ni Trypanosoma, na mmojawapo, Trypanosoma evansi, ndiye anayeleta ugonjwa wa sura kwa ngamia. Ukoo wake ulitokana na Trypanosoma brucei, yule anayebebwa na mbung'o. Mbung'o hupenda vichaka na unyevu. Nyika kavu ya ngamia si makao yake. Kimelea kilipouacha ukanda wa mbung'o kilipoteza sehemu kubwa ya jeni za mitokondria yake, yaani jeni zinazohusika na uzalishaji wa nguvu kwa oksijeni. Bila hizo hakiwezi tena kukua ndani ya mbung'o. Siku hizi husafirishwa kwa midomo ya pange na nzi wengine waumao, kutoka ngamia mmoja hadi mwingine, kama damu iliyobaki kwenye ncha ya sindano.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kimelea hiki kimeiacha njia ya babu, na sasa ni mtumwa wa glukosi iliyomo katika damu ya mnyama. Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst walionyesha kwamba hatua za mwanzo za kuvunja glukosi katika Trypanosoma hufanyika ndani ya vifuko maalumu, ambavyo viliitwa glikosomu. Vifuko hivyo ni vya ukoo mmoja na peroksisomu zetu, ambazo kwetu zina kazi nyingine, kama vile kuvunja baadhi ya mafuta. Kimelea kilichukua chumba cha zamani kikakigeuza kiwanda.

Kwa nini kujifungia hivyo? Katika seli zetu, vimeng'enya vya mwanzo wa njia ya glukosi hupunguza kasi bidhaa zinapozidi. Vimeng'enya vya Trypanosoma havina breki hizo. Barbara Bakker na wenzake walieleza mwaka 2000 kwamba bila ua wa glikosomu kimelea kingeutumia mtaji wake wote wa nguvu mwanzoni mwa kazi, kabla faida haijapatikana. Kingejiua kwa ulafi. Ua huo basi ni mhimili wa uhai wake, na watafiti wengi wanautazama kama mahali pa kupigia.

Hapa pana somo la tahadhari pia. Mwaka 2003 baadhi ya watafiti waliona kwamba vimeng'enya kadhaa vya Trypanosoma vinafanana na vya mimea, wakapendekeza kwamba mababu zake nao waliwahi kumeza mwani, kama alivyofanya babu wa Plasmodium. Hoja hiyo ilipendeza, lakini jinomu za jamaa hao zilipochapishwa mwaka 2005 ushahidi haukuiunga mkono vya kutosha. Mifano mingi inaelezeka kwa urithi wa kale au kwa jeni zilizopokewa kutoka kwa bakteria. Mwanaisimu anaijua hatari hiyo. Maneno mawili yanaweza kufanana kwa bahati, au kwa kukopwa kutoka mahali pamoja, bila ya lugha zenyewe kuwa ndugu. Kufanana si ukoo mpaka njia ya kufanana huko ithibitishwe.

Mama mwenye kuharisha

Mgonjwa wa mwisho amevamiwa na amiba, Entamoeba histolytica, ambayo huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Jirani yake wa karibu katika matumbo ya watu ni Giardia. Viumbe hivi huishi pasipo oksijeni ya kutosha, na kwa muda mrefu havikuonekana kuwa na mitokondria. Mwaka 1983 Tom Cavalier-Smith alitoa nadharia kwamba Giardia na wenzake ni mabaki ya kizazi kilichotangulia kuja kwa mitokondria. Nadharia hiyo ilianguka. Mnamo 1999 yalipatikana mabaki madogo ya mitokondria katika amiba, na mwaka 2003 katika Giardia. Viumbe hivi havikuwa vya kale kuliko wengine, vilikuwa vimefilisika. Ufukara si ushahidi wa ukale, na mtu akiona nyumba isiyo na kitu asiharakishe kusema kwamba haijawahi kuwa nacho.

Ili kuishi bila oksijeni, viumbe hivi hutumia vimeng'enya vinavyofanana na vya bakteria wa mahali pasipo hewa. Jinomu ya amiba ilipochapishwa mwaka 2005, zilitajwa jeni 96 zinazodhaniwa kupokewa kutoka kwa bakteria, nyingi zikihusika na umetaboli. Si ajabu: amiba hula bakteria matumboni kila siku, na mara moja katika vizazi vingi kipande cha jeni huponea mlo kikabaki. Kama kitabu kilivyopata vitabu, jeni hiyo ngeni hujifunza sarufi ya nyumba mpya.

Mkopo huo ndio uliomtia amiba mashakani. Metronidazoli, dawa inayotolewa kwa mama huyu, ikimezwa haina sumu kali. Huamshwa na vimeng'enya na protini zinazobeba elektroni katika viumbe visivyotumia oksijeni, ndipo inapogeuka silaha na kuharibu jeni za kimelea. Seli zetu hazina nyenzo hizo, kwa hiyo nyingi hupita salama. Amiba na bakteria wa mahali pasipo hewa huuawa na dawa moja kwa sababu wanatumia nyenzo za namna moja.

Mageuzi hayajakoma

Msomaji asidhani kwamba habari hizi zote ni za zamani za kale. Mwaka 1998 Kenya iliiweka dawa ya sulfadoksini na pirimethamini kuwa ya kwanza kwa malaria. Dawa hii huzuia vimeng'enya viwili vinavyohusika na folati. Kimoja kati ya hivyo wanyama hatuna kabisa. Sisi hupata folati katika chakula, ilhali Plasmodium kimehifadhi uwezo wa kujitengenezea. Baada ya miaka michache dawa ilianza kushindwa. Mwaka 2004 sera ilibadilishwa, na kuanzia mwaka 2006 dawa mseto ya artemetha na lumefantrini ikachukua nafasi yake, ingawa ile ya zamani ingali ikitumiwa kuwakinga wajawazito katika baadhi ya maeneo.

Nini kilitokea? Katika kimeng'enya kimoja vijenzi vitatu vilibadilika, na pirimethamini ikakosa pa kushika. Mwaka huo huo wa 2004 Cally Roper na wenzake walichapisha ushahidi kwamba jeni yenye mabadiliko hayo matatu katika vimelea vya Afrika ilikuwa na asili moja na ile ya Asia ya Kusini-Mashariki. Haikuzuka upya katika kila kijiji. Ilisafiri na watu na mbu hadi ikafika kwetu. Ukoo wa kimeng'enya, kumbe, unaweza kuvuka bahari katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Dalili mpya zimekwisha kuonekana jirani. Mwaka 2021 watafiti walitangaza vimelea vinavyoistahimili artemisinini kwa kiasi fulani kaskazini mwa Uganda. Mabadiliko yanayohusika hupunguza kiasi cha himoglobini ambacho kimelea hukila kikiwa kichanga. Kikila kidogo, chuma kinachoamsha dawa nacho huwa kidogo. Kimelea kinafunga saumu ili sumu ipite. Hapo ndipo maagizo ya kumaliza dozi yanapopata maana kamili. Anayekunywa vidonge viwili akamwekea ndugu yake vilivyobaki, huwaacha hai wale walioweza kufunga, nao ndio watakaozaa.

Hitimisho

Tumeona kwamba vimelea vya seli moja havikupata nyenzo zao kwa njia moja. Vingine vilirithi, vingine vilinakili na kubadilisha, vingine vilikopa kwa bakteria, na kimoja kilimmeza mwani mzima. Vyote vimepoteza mengi, na kupoteza huko ndiko kulikovifunga kwetu. Katika kila hali dawa ilishika pale ambapo historia ya kimelea iliachana na yetu: katika bakteria aliyefichwa ndani ya Plasmodium, katika traipanothioni ya Leishmania, katika nyenzo za amiba za kuishi bila hewa.

Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anapomwambia mzazi kwamba kila homa si malaria, hasemi neno la mazoea tu. Anatamka kweli iliyoandikwa katika vimeng'enya kwa mamilioni ya miaka. Ni juu yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuhakikisha kwamba kweli hiyo ina maneno ya kuelezewa, ili mzee wa Kataboi aondoke akijua kwa nini dawa ya mjukuu wake haiwezi kumponya ngamia, na kwa nini kijana wake mchungaji hana budi kupelekwa mbele haraka, kabla wengu haujajaza tumbo.